Gitaa Mlangoni mwa Ghala la Pamba

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa fundi mitambo hapa Bariadi. Harusi, sendofu, mikutano ya injili, kampeni: penye spika zilizopangwa moja juu ya nyingine, mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya ile meza yenye nyaya. Watu wa kwetu wanapenda muziki usikike mpaka kijiji cha pili, nami niliwapa. Sikuwahi kuziba masikio. Niliona huo ni woga.

Sikio la kushoto lilianza kulia Jumapili moja nikikunja nyaya. Mlio mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Nilidhani ungeisha nikilala. Nilipoamka ulikuwepo, na wiki tatu baadaye ulikuwepo bado, ndipo nikapanda basi kwenda Mwanza kumwona daktari wa masikio.

"Mlio huu hauna dawa ya kuuondoa," aliniambia. "Linda kilichobaki."

"Lakini daktari, nikikaa kimya ndipo unapozidi."

"Basi usikae kimya kabisa. Tafuta sauti ndogo ya kukaa nayo. Mvua, feni, chochote kisichokupigia kelele."

Spika kubwa nilimwachia mdogo wangu. Mimi nikabaki na chumba changu cha kurekodia kwaya, kompyuta moja na kinasa sauti cha mkononi. Mvua haipo kila siku Bariadi, kwa hiyo nilianza kutengeneza ya kwangu. Nilirekodi mashine ya kusaga, kinu cha pamba kikinguruma kwa mbali, maji yakiingia kwenye simtanki. Nikaingiza kwenye kompyuta na kuvuta kila sauti mpaka sekunde moja ikawa dakika nzima. Hapakuwa na ngoma wala maneno. Wenyewe huko duniani huuita muziki wa ambient. Mke wangu aliusikiliza akiwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Ni friji?" aliuliza.

"Ni muziki."

"Sawa, baba. Ila kama ni friji, imeharibika."

Nilicheka, lakini aligusa ukweli. Kulikuwa na kitu kilichopungua, na sikujua ni nini.

Kilikuja kwa pikipiki. Dada mmoja, afisa kilimo wa Itilima, alifika kwangu kutoka Lagangabilili na amplifaya iliyokufa. Mgongoni alibeba gitaa la umeme ndani ya mfuko mweusi, na aliniambia kwamba wakulima anaowatembelea walidhani ni bomba jipya la kunyunyizia dawa, wakamwomba wajaribishiwe. Alikuwa mtu wa Moshi. Chuoni alipiga roki na wenzake, yale magitaa yanayounguruma kama lori lenye mzigo mlimani, na alipopangiwa kazi huku hakupata hata mtu mmoja wa kupiga naye. Majirani walikuwa wamekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara mbili kumlalamikia.

Nilitengeneza amplifaya yake. Alipoijaribu, nilitoka nje mbio nimeshika sikio. Aliniona dirishani, akazima, akaja kukaa nami kibarazani. Nikamweleza yote, na kwa sababu alisikiliza vizuri nikamwekea ule muziki wangu.

"Kaka, huu una nafasi nyingi," alisema ulipokwisha. "Mtu anaweza kuingia na kutembea humo."

Tukakubaliana atembee. Kwa miezi miwili alikuja kila Jumamosi. Nilimwomba apunguze sauti, naye akapunguza mpaka gitaa likawa kama linaomba msamaha. Akiondoka, nilikaa na kompyuta nikikata. Kila noti iliyonitisha niliiondoa. Siku nilipomwekea kipande cha kwanza kilichokamilika, alisikiliza dakika zote tisa, kisha akafunga mfuko wake.

"Mimi niko wapi humu?"

"Upo. Ule mvumo wa mwisho ni wako."

"Umenifuta, kaka," alisema. "Kama hukunitaka, ungesema tu."

Akawasha pikipiki. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Nilijitetea moyoni kwamba ni ladha yangu, kwamba muziki wa namna ile ndivyo ulivyo. Lakini nilipofungua tena yale niliyokata na kuyasikiliza kwa sauti ya chini kabisa, niliona aibu. Yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimeyakata kwa hofu, nikaiita hofu hiyo ladha.

Nilipanda basi kwenda Lagangabilili. Nikaelekezwa shamba la mfano, nikamkuta katikati ya mistari ya pamba akiwaonyesha akina mama jinsi ya kuchuma bila kuchanganya na majani makavu. Nilisubiri amalize.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Sikuwa nakukata wewe. Nilikuwa naliogopea sikio langu."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Mimi siwezi kupiga kwa kunong'ona," alisema. "Nimejaribu. Gitaa hili likinong'ona linadanganya."

"Basi upige unavyopiga. Tutafute mahali ambapo naweza kulivumilia."

Mahali hapo alipajua yeye. Ulikuwa msimu wa pamba, na ghala la chama cha msingi cha wakulima karibu na Dutwa lilikuwa limejaa mpaka karibu na bati. Alikuwa ameingia humo kikazi, akaona jinsi mtu akiita kutoka mlangoni sauti inavyofika ndani ikiwa imevuliwa ukali wote.

Mwenyekiti wa chama alitupokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila," na uso usio na haraka. Tulipomweleza shida yetu alimtazama dada, akanitazama mimi.

"Umeme ndani ya pamba? Humu hata kiberiti hakiingii, ngosha."

Tukamwahidi kwamba amplifaya itakaa nje, kwenye sakafu ya zege, ikielekea ndani. Nitakaa ndani mimi peke yangu na kinasa sauti cha betri. Alifikiri, kisha akatoa sharti lake: mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa karibu, na tungewapigia wanachama hicho tutakachorekodi ghalani mwao.

Sijui namna ya kueleza vizuri saa ile ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye njia nyembamba, pamba kushoto na kulia juu kuliko kichwa changu, vumbi lake likinikwaruza koo. Nje, dada alipiga kwa nguvu zake zote. Najua alipiga hivyo kwa sababu mlinzi wa ghala aliniambia mbuzi walikimbia. Kwangu ilifika sauti pana, yenye joto, bila ncha hata moja. Ilikuwa na hasira bado, na furaha pia, lakini hakuna kilichonichoma. Mlio wa sikioni ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pembeni tu, na nilisahau kuutafuta.

Tulirekodi mchana wa siku nne. Nyumbani nilitandika kinu, maji na mashine za kusaga chini ya gitaa lake, na safari hii tulikata pamoja, yeye akiwa kwenye kiti cha pili. Vikatoka vipande saba. Alipenda cha tano kuliko vyote. Mimi bado napenda cha pili.

Siku ya mkutano tuliweka spika mbili ndogo mbele ya wanachama. Kipande cha kwanza kilianza. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi mmoja mstari wa mbele aliuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika na wote, wimbo unaanza saa ngapi. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

Nilitaka kuzima. Dada alinishika mkono, akasogea na kuchuchumaa mbele ya yule bibi. "Mayu, umeshaanza. Hauna mwimbaji. Ule mngurumo wa chini ni kinu cha pamba yenu, na anayelia juu yake ni mimi."

Bibi alisikiliza tena, safari hii kichwa kimeinama. "Ni kama umechoka lakini unaendelea," alisema hatimaye.

"Ndivyo nilivyokuwa," dada alijibu.

Hawakukaa kimya wote. Wengine walizungumza, mmoja alisinzia waziwazi. Lakini kipande cha pili kilipokwisha mtu alisema tuweke kingine, na tulivipiga vyote saba. Mwisho bibi alishukuru, "Wabeja," akauliza kama vinaingia kwenye kadi ya simu. Nilimwekea pale pale, yeye na wengine kumi na wawili.

Tuliweka albamu mtandaoni pia. Wasikilizaji si wengi, lakini wapo. Mimi nimerudi kufunga mitambo ya kwaya, nikiwa na vizibo masikioni, na sioni haya.

Mwaka huu dada amehamishiwa Busega. Niliogopa kwamba ndiyo mwisho. Wiki ya pili tu alinipigia: amepata chumba karibu na Lamadi, ukuta kwa ukuta na wanawake wanaoanika dagaa, na wenyewe wamemwambia apige tu, wao wamezoea kelele za ziwa. Nilikwenda Jumamosi iliyopita na kinasa sauti. Tulianza kabla hata ya kunywa chai.