Krimu Tamu ya Sosiot

Jamani, nichekeni tu. Nilibuni pampu inayozungusha maziwa kwa kasi, krimu iliyo nyepesi itokee juu, maziwa yenyewe yatokee chini. Juzi niliwaonyesha wafugaji wa Sosiot, waamue kama watainunua.

Krimu ikatoka na rangi ya kahawia. "Mnaona?" nikatamba. "Hiyo rangi ni nyasi yenu nzuri!"

Nikaipaka kwenye mkate, nikawagawia, nami nikauma pande kubwa. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba jana yake niliijaribu pampu kwa maji na oili chafu ya gari, kisha nikaisuuza haraka haraka. Nikameza, nikatabasamu.

Mama Chelang'at, mwenyekiti wao, akaunusa mkate wake.

"Injinia," akauliza kwa sauti, "hii ng'ombe yako inafanyiwa servisi gereji gani?"