Nilichoma kadi ya lenzi ya mdogo wangu, kisha daktari akaihitaji

Asalaam aleikum wakuu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi.

Mimi ndiye mkubwa, nina wadogo wanne. Wazee wetu wametangulia mbele ya haki. Skuli niliacha darasa la sita, nikashika kazi ya karafuu hapa kisiwani, Mtambile.

Mdogo wangu Mwanakhamis alichomwa jicho na kijiti cha mkarafuu. Likafanya mtoto wa jicho, akapasuliwa, akawekewa lenzi ya bandia. Alhamdulillah akaona. Tukapewa na kadi iliyoandikwa aina ya lenzi.

Mwaka jana ikaja posa. Walii wake, wa kumuozesha, ni mimi. Nikaogopa watu watasema "ana jicho la plastiki". Kadi nikaitia jikoni ikaungua, naye nikamwambia anyamaze.

(Msinitukane bado.)

Harusi ikiwa karibu, akaanza kuona kama pazia jeusi linashuka kwenye jicho lile lile. Tukapelekwa bara.

Daktari, mama mmoja wa makamo, akampima kwa mashine. Akasema retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho, imebanduka, asipopasuliwa haraka jicho linapotea. Akauliza: "Jicho hili lilishapasuliwa?"

Nikamuwahi: "Hapana, daktari." Mazoea tu.

Mwanakhamis akanigeukia: "Kaka, huyu hakuja kuniposa!"

Daktari akacheka hadi akavua miwani. Lenzi keshaiona, alichotaka ni aina yake.

"Nikiwa ndani ya jicho natazama kupitia hiyo lenzi, kama dereva na kioo cha mbele. Kuna wakati tunatia hewa jichoni kuirudisha retina. Hapo lenzi ya silikoni huweza kushika ukungu kwa nyuma. Ukungu huo ukinikuta sijajiandaa, retina siioni."

Nikamweleza habari ya kadi huku natazama chini. Hakunigombeza. Akapiga simu hospitali ilikowekwa lenzi, muuguzi akafukua daftari la zamani.

Silikoni.

Wakuu, nilikaa nje ya chumba cha operesheni nikisoma kila dua ninayoijua.

Daktari alipotoka akaniambia: "Ukungu umekuja kweli. Lakini ute wa kuipaka lenzi nilikuwa nao mezani. Nikapaka, nikaona, nikamaliza."

Leo Mwanakhamis anaona. Yule mama na yule muuguzi nawaombea kila sala.

Mchumba alielezwa na Mwanakhamis mwenyewe kwa simu, kutoka wodini. Akajibu: "Pole. Sasa hiyo ndiyo siri?"

Siku ya ndoa nikaenda kumuuliza Mwanakhamis kama ameridhia. Akasema: "Nimeridhia. Na leo nashukuru umeniuliza mimi."

Somo nililopata: kadi ya lenzi itunzeni kama cheti cha kuzaliwa, daktari asifichwe kitu, na mgonjwa mwenye mdomo wake ajisemee.

Nanyi mliowekewa lenzi, au mna mzee nyumbani aliyewekewa, mnajua ni ya aina gani? Semeni hapa chini. Na wa kunigombeza sasa ruhusa.