Dhahabu ya Maharamia Chini ya Mikorosho ya Mama

Majina sitaji, maana wana wajukuu. Lakini walioniumiza ni wawili: fundi cherehani wa sokoni Ruangwa, na mjomba wangu, kaka wa mama. Wakisomewa haya, wajijue.

Mnyororo uliozua haya yote naujua. Nilifanya kibarua Nachingwea wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza. Matrekta mawili yalikuwa yakivuta mnyororo wa nanga ya meli katikati yao, na miti inalala chini kama nyasi. Mradi ulipokufa, mhunzi mmoja wa kwetu Nandagala akaleta kipande kwa lori ili afue majembe. Kukikata kukamshinda. Akakitupa kando ya shamba la mama, kikashika kutu, na mhunzi naye akafa.

Ndipo fundi akapita, akakiona. Bahari aliiona mara moja tu, Lindi, alipofuata uzi, lakini tangu hapo alijua habari za meli kuliko manahodha. Akasema mnyororo wa meli hauji Nandagala kwa miguu. Umeletwa na maharamia, watu wa jicho moja, waliokimbia manowari wakapanda mto Lukuledi na masanduku ya dhahabu, wakayafukia hapo shambani. Mto ambao kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa magoti.

Mjomba akaamini. Nikamweleza mbele za watu kwamba mnyororo ule nimeuona ukifanya kazi. Akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Nikasema la pili. Watu wakacheka. Yeye hata la kwanza hakuliona, ila hilo hakuna aliyemuuliza.

Maharamia walikuwepo, sikatai. Baadaye nilipakua mizigo bandarini Mtwara, na mabaharia wazee wakaniambia haramia aliiba nguo, mchele, kamba, akauza upesi, akala. Wa kufukia dhahabu hawakumjua. Na bibi yangu alijua wezi wa baharini walifuata nini huku kwetu: walifuata watu. Sanduku hawakumwachia mtu.

Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada yake na watoto wa dada yake. Baba ni mgeni aliyekuja kuoa. Mjomba akamwaga unga wa mtama chini ya mkorosho mkubwa, akawaomba wazee wa kaburini, akashika jembe.

Mama akamwambia, "Kaka, mikorosho hii ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Chimba pale njiani."

"Dada, nani anaficha mali njiani?"

Mjomba na vijana aliowaita wakachimba siku tano, fundi amekaa kivulini anaelekeza. Wakakata mizizi yote mikubwa. Wakapata mawe. Mikorosho saba ikakauka, na mama hakuwa na kingine cha kuuza.

Unadhani waliona haya? Fundi akatangaza sokoni kwamba dhahabu ilikuwepo, ila mimi niliwahi kuifukua. Kama sikuifukua, nilijuaje habari za mnyororo? Walionicheka kwa ajili ya darasa la pili sasa wakanisifu kwa ujanja. Mjomba akaja na wazee wawili kudai fungu lake.

Mama hakubishana. Aliwapeleka shambani, akamwonyesha mjomba ile miti mikavu.

"Fungu lako hilo, kaka. Kata kuni."

Akazikata. Akajitwisha mzigo mzima, akaenda nao kwake.