Kitabu Nilichokificha Nyuma ya Magazeti ya Serikali

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kila nikipita karibu na maktaba ya chuo chetu cha sheria kule Mbarara, na nikiikumbuka hucheka peke yangu njiani mpaka watu wa bodaboda wananigeukia. Wewe umehitimu juzi tu, picha za joho bado unazionyesha kila mgeni anayeingia kwenu. Umeniambia kwamba zile habari za maktaba zinazoingia kwenye simu yako unazifuta bila kuzisoma, maana mitihani imekwisha. Basi kaa kidogo. Nina neno nawe, na neno lenyewe linaanzia kwenye aibu yangu mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Msichana wa kambi ya Nakivale, mtoto wa wakimbizi kutoka Fizi, Kongo, nimevaa viatu vya kuazima na kiburi changu mwenyewe. Jumatatu yake tulikuwa na mtihani wa sheria ya ushahidi, na kitabu ambacho darasa zima lilikitegemea kilikuwa kimoja tu maktabani. Cha pili alikuwa nacho mhadhiri mmoja aliyesahau kwamba vitabu hurudishwa. Hicho kimoja hakikuruhusiwa kutoka nje. Unakisomea pale mezani kwa saa moja, kisha unampisha mwenzako.

Sasa nikueleze tulivyolelewa, usije ukanihukumu upesi. Kwetu Fizi, vita vilipokaribia, watu walizika vyombo kabla ya kukimbia. Baba yangu alichimba shimo katikati ya migomba, akazika sufuria, majembe, na sahani ambazo mama alipewa siku ya harusi yake. Tuliporudi baada ya miezi kadhaa tulivikuta vyote, na kijiji kizima kikamsifu baba. Tulipokimbia mara ya pili hatukurudi tena, tukaishia Nakivale, lakini ile sifa tulikuja nayo. Nyumbani kwetu mtu mwenye akili ni yule anayejua kuficha.

Kwa hiyo asubuhi ile, saa yangu moja ilipokwisha, nikafanya kama baba. Kwenye kona ya mwisho kulikuwa na rafu ya magazeti ya serikali ya zamani, yale yanayotangaza sheria, yamejaa vumbi na hayaguswi na mtu. Nikakisukuma kitabu nyuma yake, nikatoka kwenda kula katogo, zile ndizi zinazopikwa na maharage, huku najipongeza moyoni. Nilipanga kurudi mchana, wenzangu wakiwa wamekata tamaa, nikisome peke yangu mpaka jioni.

Pale mlangoni palikuwa na ubao wa matangazo. Mkutubi wetu, Mama Kyomugisha, mwenyeji wa Mbarara aliyejifunza Kiswahili kwa mume wake askari, aliandika habari za maktaba kila wiki na kuzibandika pale: vitabu vilivyoingia, hukumu mpya, sheria zilizobadilishwa. Sisi vijana tuliupita ubao ule kama tunavyoupita ukuta. Mimi nilizidi. Nilikuwa nikisema kwamba anayesoma matangazo ni yule asiye na cha kusoma, na wenzangu wakicheka naona nimesema jambo la maana.

Niliporudi nilimkuta Mama Esperance amesimama kwenye meza ya mkutubi. Huyu alikuwa mama wa makamo, muuza vitenge wa Misiera, kijiji kimoja cha kambini, na kwetu Nakivale hakuna asiyemjua. Sheria alianza kuisoma Kongo kwa Kifaransa, vita vikamkatiza, akaja kuianza upya huku kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa anapigana nayo neno kwa neno. Alikuwa akija Jumamosi tu, anapanda bodaboda alfajiri hadi barabara ya lami, kisha teksi mpaka mjini. Mtihani wa ushahidi ulikuwa umemwangusha mara mbili. Jumatatu ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Akianguka tena, chuo kinamfuta jina. Hayo niliyajua, mwanangu. Lakini nilipokuwa naficha niliwafikiria wanafunzi wa mjini ambao baba zao ni mawakili. Yeye hakunijia akilini hata kidogo.

Akaambiwa kitabu hakionekani. Hakulalamika. Alikwenda kukaa, akatoa daftari lake, akaweka mikono juu ya meza akasubiri, na Mama Kyomugisha akaanza kutafuta rafu kwa rafu. Mimi nikanyata hadi kwenye ile kona ili nikitoe kitabu kimyakimya na kujifanya nimekiokota mahali. Kona ilikuwa tupu. Rafu ilikuwa imepanguswa inang'aa.

Hapo ndipo nilipokwenda kuusoma ubao, kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba Jumamosi hiyo magazeti ya zamani yatapelekwa kwa fundi wa kushona majalada, kule Ruharo. Tangazo lilikuwa limekaa pale wiki nzima, na mimi nimelipita kwa madaha asubuhi na jioni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilimfuata Mama Kyomugisha kwenye kijichumba chake, nikafunga mlango.

"Mama, ile kitabu nilificha mimi," nikasema. "Nyuma ya zile gazeti za zamani. Na sasa bamebeba zote."

Alivua miwani, akaniuliza nimefundishwa na nani kufanya hivyo. Nikamsimulia habari za baba na zile sufuria kwenye migomba, huku nalia. Nilingoja anifokee, na ingekuwa heri angenifokea. Alinitazama tu kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Hapa vita hakuna, mwana wangye," akasema, akichanganya na Kinyankole chake. "Na ule mama natoka kambi moja na wewe. Wewe naficha nani?"

Nilijifuta machozi kwa kiganja.

Akaniandikia karatasi ya kumpa fundi. Akasema atamwambia Mama Esperance kwamba kitabu kimechanganyika na magazeti yaliyopelekwa Ruharo, na huo ni ukweli. Kilichobaki, akasema, ni changu. Nitamwambia mwenyewe siku nitakayoweza.

Nilikimbia, mwanangu. Vile viatu vya kuazima vilikuwa vikubwa, nikavivua nikavishika mkononi, nikapanda kilima mchana kweupe watu wa Ruharo wakidhani nimefiwa. Fundi alikuwa mzee mmoja mpole, hana haraka na dunia. Kitabu alikuwa amekipenda sana, kwa sababu ya uzito. Alikuwa amekilaza juu ya karatasi alizotoka kuzipaka gundi ili zikandamizike vizuri, akaniambia ningoje zikauke, jioni hivi nitakipata. Nikambembeleza. Akasema kama nina haraka nitafute jiwe zito kama hicho kitabu. Basi nikazunguka uwanjani kwake nikipima mawe, na kila ninaloleta analikataa, hili jepesi, hili lina ncha, mpaka jiwe la nne akaridhika. Leo nacheka. Siku ile nilikuwa naomba ardhi ipasuke.

Nilirudi na kitabu, jalada lina gundi, mimi nina vumbi mpaka kwenye kope. Mama Esperance akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti sana, mutoto wangu," akasema. "Umekimbia juu ya kunisaidia. Mungu akubariki."

Sijawahi kupewa baraka iliyouma vile. Nilitaka kusema ukweli, badala yake nikampa kitabu.

Akanivutia kiti, akasema tusome wote, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nikawa nasoma kwa Kiingereza na kumwelezea kwa Kiswahili, naye akawa ananirudishia kwa mambo ya sokoni. Tulipofika kwenye ushahidi wa kusikia kwa watu, sura niliyoikariri mara nne bila kuielewa, yeye aliicheka. Akasema mteja akija dukani na kudai kuwa jirani amesema kitenge hiki kinachuja, jibu ni moja tu: jirani mwenyewe aje aseme. Ile sheria ndiyo hiyo, na mimi nilikuwa naitafuta kwenye maneno magumu. Muda wa kufunga ulifika ukapita, na Mama Kyomugisha akaendelea kupangusa rafu ambazo alikwisha kuzipangusa, ili asitufukuze.

Sote wawili tulifaulu. Yeye alinizidi alama, nami nilifurahi kuzidiwa. Misiera walipiga vigelegele mpaka wateja wa duka lake wakahudumiwa na watoto.

Adhabu sikukosa. Mama Kyomugisha aliniamuru niandike habari zake za maktaba kwa Kiswahili muhula mzima, na kila nikienda nyumbani nizibandike kwenye mlango wa duka la Mama Esperance. Nilianza kwa kununa. Kisha nikaona wakulima wanasimama kusoma, wahitimu wawili watatu waliokaa nyumbani bila kazi wanauliza hukumu ile inapatikana vipi, mchungaji anataka kujua sheria gani imebadilika. Muhula uliisha na mimi sikuacha. Adhabu yenyewe ikanifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo, ya kuwafikishia watu wetu habari za sheria.

Mama Esperance alipohitimu, kanisa la Misiera lilifanya ibada ya shukrani. Aliitwa mbele na joho lake, akaniita na mimi, akanishika bega mbele ya watu wote akasimulia jinsi msichana huyu alivyovua viatu na kukimbia hadi Ruharo kumletea kitabu. Kanisa likashangilia. Nikaona siku yangu ndiyo hiyo. Nikaomba kipaza sauti, nikasema aliyekificha kitabu kile ni mimi, kwa uchoyo, na nikasema yote, pamoja na ubao nisiousoma na mzee wa gundi na mawe yake. Kisha mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakafuata, mpaka mpiga ngoma akainamia ngoma yake. Mimi nilikuwa namtazama Mama Esperance tu. Naye alikuwa anatabasamu.

"Nilijuaka tangu siku ile, mutoto wangu," akasema. "Kitabu haina miguu. Lakini uliirudisha."

Nilimkumbatia nikalia mpaka joho lake likalowa, na sioni haya kukwambia.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Habari za maktaba zisome hata kama huna mtihani, maana sheria haikungoji; inabadilika ukiwa umelala, na anayekuja kwako na shida atakuamini kama unajua ya leo. Umesikia walivyotangaza mwezi huu? Mhitimu anaruhusiwa kubaki na kadi yake, hukumu unazisoma kwenye simu hata ukiwa hapa Base Camp, katikati ya kambi yetu, na Jumamosi kuna somo la namna ya kuzitafuta. Ukikwama muulize mkutubi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukipata kitabu, au neno la kukusaidia, mpe na mwenzako asome, hata yule unayemwona mshindani. Ukiwa umekwisha kukosea, rudi. Rudi mbio, rudi na gundi mikononi, lakini rudi.

Mungu wa baba zetu, aliyetuvusha mipaka tukiwa mikono mitupu, akupe kichwa chepesi cha kuelewa na moyo mwepesi wa kugawa. Watu wa kwetu waje mlangoni kwako wakiwa na hofu, watoke wakiwa na furaha. Na popote ulipokosea, umkute mtu anayekungoja akitabasamu. Amina. Sasa nenda maktaba, mwanangu, teksi ya Mbarara haijaondoka.