Kiti Kilichopigiwa Kura

Capitoline hupiga pasi katika duka la dobi huko Kensington. Kutwa nzima hushika mashati ya watu asiowafahamu. Anajua nani amenenepa na nani ameacha kazi ya ofisini, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza jina. Hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni Jumapili.

Anaishi Berea, katika fleti ambayo wapangaji wameigawa kwa mapazia. Mumewe, Ignace, ni marehemu. Mwanawe, Arnaud, yuko Durban, mji mwingine wa nchi hii. Akipiga simu huongea Kizulu, mama humjibu kwa Kiswahili, na wote wawili huchoka mapema.

Capitoline ni Mtwa. Watwa walikuwa katika misitu ya Burundi kabla ya wengine kufika, na leo ndio wachache kuliko wote. Kijijini kwao mtu aliweza kununua chungu alichofinyanga mama yake Capitoline, akakitumia kupikia kila siku, na asimkaribishe mfinyanzi hata kizingitini. Wakimbizi walipovuka mipaka waliacha mashamba na ng'ombe. Desturi hiyo walikuja nayo.

Zamani, Warundi wa mtaa huu walipotaka kuunda umoja wa kusaidiana, hawakuwa na pa kukutania. Ignace alikuwa msimamizi wa jengo na alipewa fleti yenye sebule kubwa. Wakamwendea. Akawaambia sebule wataipata bure, kwa muda wowote watakaoihitaji. Nao wampe mkewe kiti katika kamati, kiti kisichopigiwa kura, na baada yake kiende kwa Mtwa mwingine. Wakakubali mbele ya watu wote na kupeana mikono.

Si kiti kikubwa. Kazi yake hasa ni kutembelea wagonjwa, wafiwa na wanawake waliojifungua. Lakini mwanakamati akibisha, mlango hufunguliwa. Hukalishwa kwenye kochi, hupewa chai, huwekewa mtoto mapajani. Kwa miaka mingi Jumapili za Capitoline zilipita hivyo, katika nyumba za watu.

Siku hizi umoja umekua na hukutana katika ukumbi wa kanisa, Joubert Park. Mwaka huu kijana mmoja muuza simu, Bertrand, alitoa hoja kwamba kiti cha Capitoline kipigiwe kura: kibaki au kiondolewe.

Siku moja kabla ya mkutano, Capitoline alimweleza Samira, mwenyeji wa Tanga anayekaa upande wa pili wa pazia.

"Kiti chenyewe kina posho?" Samira akauliza.

"Hakina."

"Kina soda?"

"Mara moja moja."

"Basi waachie, shoga. Mie nimekataa hata uenyekiti wa harusi."

Capitoline akacheka. "Wewe ukibisha kwa Annick wa umoja wetu, yule mjamzito, atakuuliza umefuata nini?"

"Aniulize mie? Atanifungulia huku ananidai umbea."

"Mimi ataniuliza."

Samira akamsogezea sahani ya mihogo.

Mkutanoni Bertrand alizungumza vizuri. "Tulikimbia kwa sababu ya makabila," alisema. "Hapa hakuna Mhutu, hakuna Mtutsi, hakuna Mtwa. Sote tunapanga foleni moja kutafuta karatasi za kuishi hapa. Kwa nini mmoja wetu awe na kiti ambacho hakuna aliyempigia kura?"

Watu wakapiga makofi. Capitoline mwenyewe angetamani maneno yale yawe kweli.

Mwenyekiti, Mzee Ildephonse, alikuwa amekuwepo siku ile ya sebuleni. Akatazama meza. "Tuwaachie watu waamue," akasema.

Capitoline akasimama. "Mzee, siku tuliyopeana mikono, mlikuwa mmepiga kura?"

"Hapana, mama. Tulikubaliana."

"Na nani?"

"Na nyinyi. Wewe na marehemu."

"Na leo mnakubaliana na nani?"

"Eish, huyu mama angekuwa wakili," mtu akasema nyuma, na ukumbi ukacheka.

"Mama, hatukufukuzi," alisema Bertrand kwa upole. "Utagombea kama wengine. Na leo kura yako unayo. Nyoosha mkono."

"Mwanangu, nikinyoosha yote miwili bado mimi ni mmoja. Ile sebule mliitumia mpaka mkaondoka wenyewe. Sijui mtanirudishia vipi."

Akakaa. Ildephonse alipoita waliotaka kiti kibaki, hakunyoosha mkono. Kunyoosha, aliona, kungekuwa kukiri kwamba jambo lile ni lao kuliamua. Wachache walinyoosha. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao, mkono wake haukupita bega. Kisha wakaitwa waliotaka kiondolewe, na haikuwa lazima kuhesabu.

Baadaye watu walikuja kumsalimia, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa hawajawahi kumsalimia kwa wema namna ile.

Wiki ile ile Annick akajifungua. Capitoline alingoja aone kama ataitwa, na hakuitwa. Jumapili alipika uji wa ulezi, akautia katika ndoo ndogo yenye mfuniko, akaenda. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi polepole, akibadilisha mkono.

Annick alifungua mlango wa mbao, akabaki nyuma ya geti la chuma, mtoto akiwa begani. "Mama Capitoline," alisema, na uso wake ukaonyesha furaha ya kweli. Akanyoosha mkono kuufuata ufunguo ukutani.

"Ni nani?" sauti ya mama mkwe ikauliza kutoka ndani.

"Ni Mama Capitoline."

"Ametumwa na kamati?"

Mkono wa Annick ukasimama. Alimtazama Capitoline kama mtu anayemwomba mwenzake amsaidie. Neno moja tu lilihitajika, na bibi yule asingejua mpaka kesho.

"Hapana," alisema Capitoline. "Nimekuja mwenyewe."

Ndani kiti kikaburutwa.

"Mtoto amelala sasa hivi, mama," Annick akasema kwa sauti ndogo. Mtoto, macho yamemtoka, alikuwa anamwangalia Capitoline.

"Ni wa kike?"

"Wa kike. Chloé."

"Mungu amkuze."

Aliinua ndoo, lakini haikupita kati ya nondo. Aliijaribu kwa ubavu, ikagoma.

"Iweke tu hapo chini," alisema Annick. "Nitaichukua."

Capitoline akaiweka, akaaga, akashuka. Alipofika kwenye kona ya ngazi alisikia ufunguo ukizunguka, geti likilia, kishikio cha ndoo kikigongagonga ikiingizwa ndani. Akasimama, ameshika reli. Geti likafungwa, ufunguo ukazunguka tena. Akaendelea kushuka.