Mfereji wa Pili

Mwanangu, ipo siku moja ya ukungu kule Vudee ambayo sijaisahau, ingawa nimezunguka na mkoba huu wa nyaya, Same, Mwanga, Kihurio, mpaka mabega yamechoka kunilalamikia.

Nilikuwa kijana. Nilifunga mtandao wa zahanati, na Mama Nakadori, muuguzi mkuu, aliniomba jambo moja tu: mafaili ya wagonjwa yasionekane nje. "Hapa kijijini siri ya dawa ikitoka asubuhi," alisema, "jioni mtu hana ndoa."

Nikaweka ukuta wa ulinzi. Nikaijaribu anwani ya kompyuta yake kutoka nje, ikagoma. Nikajisifu. Fundi Mbonea, mzee aliyenifundisha kazi, akatoka na simu yake hadi barabarani. Akarudi, akanionyesha: jina la mgonjwa na dawa zake.

"Shikamoo ukuta," akasema.

Nikaichukua simu, nikalisoma tena lile jina.

"Kompyuta siku hizi ina anwani mbili. Ya zamani umeifunga. Hii mpya, ndefu, yenye herufi, umeiacha wazi."

"Basi naizima, mzee."

"Mpaka lini? Kampuni ya intaneti ikija kuleta anwani mpya peke yake? Wewe Mpare gani! Ndiva ikichimbiwa mfereji wa pili, mnaziba wa kwanza mkalale?"

Ndiva ni bwawa letu la maji ya mashamba. Aliyelelewa milimani hakosi kulijua. Nilitazama chini. Mama Nakadori alikuwa mlangoni, amesikia yote, akaliona na jina la mgonjwa kwenye simu. "Huyo ni jirani yangu," alisema taratibu. Afadhali angenifokea.

Nikauandikia ukuta kanuni za kuizuia anwani mpya nayo. Mzee akarudi barabarani. Safari hii hakuona kitu. Ndipo mama akatumiminia chai.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, nikauacha ufa. Na nimechoka, mwanangu, wala si kwa sababu ya milima: juzi tu, Kihurio, nimekuta kosa lilelile.

Sikiliza basi. Zamani mashine zote za jengo zilijificha nyuma ya anwani moja, tukadhani kivuli ni uzio. Kwa anwani mpya kila mashine yaweza kufikiwa kwa anwani yake yenyewe. Weka kanuni kwa zote mbili. Kisha usijisifu, toka barabarani, ujaribu zote mbili.

Mungu akupe macho ya kuiona mifereji yote, na mtu wa kuuamkia ukuta wako kabla mwizi hajapiga hodi.