Buli Lisilooshwa

Chama cha Chai pale chuo kikuu kilikuwa na wanachama wachache, chumba kimoja nyuma ya maktaba, na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Chai yao haikutiwa sukari. Walinusa kwanza, wakafumba macho, ndipo wakanywa, na aliyethubutu kuongea kabla ya kikombe cha kwanza kwisha aliosha vikombe vya wote. Kitu kimoja tu hakikuguswa na sabuni: buli la udongo. Hilo lilisuuzwa kwa maji ya moto, basi. Ndani lilikuwa na utando mweusi wa chai ya miaka tisa, na mwenyekiti, kijana mrefu waliyemwita Profesa ingawa somo la takwimu lilikuwa limemwangusha mara mbili, aliapa kwamba ladha yote ya chama ilikaa humo.

Kila mwaka alichaguliwa mtu wa kulitunza. Safari hii alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mpole kupita kiasi. Mwaka wake wa kwanza wote alikaa nyuma darasani bila mtu kumjua, hata mhadhiri alimwita "wewe wa mwisho". Chamani akawa Mama Buli. Watu wakawa wanamsimamisha kwenye ngazi, "Mama Buli, vipi?" Alijifanya anaona aibu, ila siku hizo alipanda na kushuka ngazi bila sababu yoyote.

Likizo ilipofika akalipeleka buli nyumbani kwa shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, mwanamke asiyeweza kuona doa akalala. Akaliweka juu ya kabati, akatoka kidogo kwenda dukani. Aliporudi alilikuta dirishani, limeinamishwa likauke.

"Hivi mwanangu, hili umeliokota jalalani?" shangazi akauliza, mikono bado ina povu. "Nimelisugua mpaka bega linaniuma. Sabuni ilishindwa, nikatia na waya wa masufuria."

Mama Buli akachungulia ndani. Udongo mtupu, safi kama siku lilipotoka tanuruni. Akakaa sakafuni palepale.

"Hata asante hakuna?"

"Asante, Shangazi," akasema, na machozi yakamtoka. Shangazi akadhani ni ya furaha, akaridhika sana.

Likizo nzima alilipikia buli chai nzito kama lami, asubuhi na jioni. Likapata rangi ya soksi kuukuu, likagoma hapo. Akaamua atanyamaza.

Siku ya mkutano wa kwanza Profesa alimimina, akanusa, akafumba macho, akanywa. Akatikisa kichwa polepole kwa raha. Katibu naye, binti wa miwani aliyelitunza buli mwaka uliotangulia, akashika kifua kana kwamba amekumbuka marehemu. Wengine wakafuata. Mama Buli akawatazama mmoja mmoja, na badala ya kushusha pumzi akajisikia mpweke kuliko alivyokuwa kule nyuma ya darasa. Akinyamaza, ataendelea kuitwa jina lile, lakini litakuwa la kuazima.

"Shangazi yangu ameliosha," akasema. "Kwa sabuni. Na waya."

Alihisi masikio yanawaka. Akaweka kikombe chini, akachukua mkoba wake, akainuka.

"Kaa," Katibu akasema, macho kwenye kikombe chake. "Mwaka jana mama yangu alilisugua kwa mchanga. Nilishindwa kuwaambia."

Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Profesa, aliyelitunza kabla ya Katibu. Profesa akajikuna shingo.

"Bibi yangu," akakiri. "Tena yeye alilichemsha na magadi."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Mama Buli alikuwa bado amesimama, mkoba begani, hajui acheke au aende.

"Na wewe unakwenda wapi?" Katibu akamuuliza, akifuta miwani. "Wewe ndiye wa kwanza kuongea kabla ya kikombe kwisha. Vikombe vyote ni vyako, Mama Buli."

Akavikusanya kwenye sinia, akatoka navyo hadi bombani. Akaviosha kimoja kimoja, taratibu, akisugua kwa nguvu za shangazi yake, na hakutaka viishe.